Kazi Njema za Nyumba Iliyoanguka

Desturi ya watu wengi, wapimapo kazi ya chama au ya kampuni, ni kutazama mwisho wake. Kikisimama, husema kilijengwa vema. Kikianguka, husema hakikuwa na kitu ndani yake. Hukumu ya namna hii ni rahisi, kwa kuwa haitaki kufikiri. Lakini mara nyingi si hukumu ya haki. Kwa hiyo leo twataka kupima kazi za shirika moja la televisheni la Marekani lililoanguka zamani, jina lake DuMont, lililotangaza tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956. Miaka kumi si mingi, na hata huko Marekani wako wengi wasiolijua jina hilo. Walakini katika habari zake twaona mambo matatu yanayofaa kufikiriwa na kila mtu apendaye kazi ya kuwafundisha watu na kuwaburudisha: la kwanza, kwamba upungufu wa vyombo si upungufu wa akili, la pili, kwamba hofu huiharibu kazi kuliko umaskini, la tatu, kwamba kazi isiyotunzwa hufa mara mbili.

Kwanza yafaa tueleze maana ya shirika la namna hii. Kituo kimoja cha televisheni, hasa katika siku zile, kiliweza kufikisha sanamu zake katika mji mmoja na mahali palipouzunguka tu, kwa kuwa mawimbi yake hayaendi mbali sana kupita upeo wa macho. Ili mchezo unaochezwa New York uonekane na mtu akaaye Chicago saa ile ile, hapana budi vituo vya miji mbalimbali viunganishwe kwa waya maalum au kwa minara ya kupokezana, na kila kimoja kikubali kuonyesha mchezo huo mmoja. Muungano wa vituo kama huu ndio tuuitao hapa shirika. Mapato yake hutoka kwa wenye bidhaa, ambao hulipa ili sabuni zao, sigara zao na magari yao yatajwe katikati ya mchezo. Basi shirika lenye vituo vingi hupata fedha nyingi, kwa sababu mwenye bidhaa hulipa kwa hesabu ya macho yatazamayo. Na lenye vituo vichache hukaa na njaa, hata michezo yake ikiwa mizuri. Msomaji alishike neno hili, kwa maana habari kubwa ya kuanguka kwa DuMont imo ndani yake.

Mwenye kuianzisha kazi hii aliitwa Allen B. DuMont, aliyezaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka 1901. Alipokuwa mtoto alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na katika siku zile za kulala kitandani akaanza kupenda mambo ya simu ya upepo, ndiyo redio. Alipokuwa mtu mzima akawa mhandisi wa umeme, na mwaka 1931 akafungua karakana katika nyumba yake mwenyewe huko Upper Montclair, jimbo la New Jersey. Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya ile chupa ya kioo isiyo na hewa, ambayo ndani yake mshale wa umeme huchora sanamu. Kabla yake chupa hizo zilichakaa upesi sana. Yeye akazitengeneza hata zikadumu, zikaweza kutiwa katika vyombo vya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 1938 kampuni yake ilikuwa imekwisha kuanza kuuza vyombo vya televisheni, kabla ya kampuni kubwa ya RCA, iliyoanza mwaka 1939.

Mtu huyu, basi, hakuwa mtu wa nyimbo wala wa michezo, alikuwa fundi. Aliingia katika kutangaza kwa sababu hakuna anunuaye chombo cha kuonyesha sanamu ikiwa hakuna sanamu za kuonyeshwa. Kituo chake cha New York kilipata kibali cha biashara mwaka 1944, kikaitwa WABD, herufi tatu za mwisho zikiwa za jina lake mwenyewe. Kile cha Washington kiliitwa WTTG, kwa heshima ya Thomas T. Goldsmith, mkuu wa wataalamu wake. Na sisi twapenda kuona bwana mwenye kazi akimkumbuka msaidizi wake hata katika jina la nyumba. Mwaka 1946 vituo hivyo viwili vikaunganishwa kwa waya, na shirika likazaliwa. Mwaka 1949 akaongeza cha tatu katika mji wa Pittsburgh.

Washindani wake walikuwa watatu, nao ni NBC, CBS na ABC. Wote watatu walikuwa na redio kabla ya kuwa na televisheni. Fedha za redio ziliilisha televisheni ilipokuwa changa, na wachekeshaji waliokwisha kupendwa kwa masikio walihamishwa tu ili wapendwe kwa macho. DuMont hakuwa na redio. Hata hivyo kikwazo kingine kilikuwa karibu naye zaidi. Alipohitaji fedha mwishoni mwa miaka ya thelathini, aliuza sehemu ya kampuni yake kwa Paramount, kampuni kubwa ya sinema. Nayo kanuni ya baraza la serikali lisimamialo mawasiliano ilikataza mwenye mali mmoja kuwa na vituo zaidi ya vitano. DuMont alikuwa na vitatu. Paramount nayo ilikuwa na kimoja Los Angeles na kimoja Chicago. Baraza likaamua kwamba Paramount ndiyo yenye amri juu ya DuMont, kwa hiyo hesabu yao ni moja, nayo imekwisha kutimia. Ikawa DuMont amezuiwa kuongeza vituo viwili vya kwake, kwa sababu ya vituo viwili asivyovitawala. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako.

Kikwazo cha tatu kilitoka kwa serikali. Tangu mwaka 1948 hata mwaka 1952 baraza lile lilisimamisha kutoa vibali vya vituo vipya, ili kuyapanga upya masafa ya mawimbi yasigongane. Katika miaka hiyo minne nchi nzima ilikuwa na vituo vilivyozidi 100 kidogo tu, na miji mingi ilikuwa na kimoja au viwili. Penye kituo kimoja, mwenyewe alichagua kwanza michezo ya NBC au ya CBS, na DuMont akapewa saa zilizobaki. Na vibali vilipofunguliwa tena, vituo vingi vipya viliwekwa katika masafa ya juu, ambayo vyombo vingi vilivyokuwamo majumbani havikuweza kuyapokea. DuMont alikuwa kama mtu aliyepewa kibanda sokoni, lakini katika kichochoro kisichopitwa na watu.

Hizo ndizo habari za nyumba. Sasa na tutazame vitu vilivyopikwa ndani yake.

Tuanze na kipindi cha watoto, Captain Video and His Video Rangers, kilichoonyeshwa tangu mwaka 1949 hata mwaka 1955. Ni habari za shujaa wa nyakati zijazo, asafiriye kati ya nyota na kupigana na waovu. Vyombo vya safari yake vilikuwa vya karatasi ngumu na mbao zilizopakwa rangi. Mchezo ulichezwa papo hapo; mwigizaji akisahau neno, watazamaji wote humsikia akisahau. Tena katikati ya mchezo walipachika vipande vya sinema za kale za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakisema kwamba wapanda farasi hao ni wajumbe wa Kapteni walioko duniani. Mtu mzima akitazama kwa jicho la seremala atacheka. Lakini watoto walikitazama kwa imani, siku baada ya siku, kwa sababu hadithi iliendelea, na mwema alijulikana kuwa mwema, na mwovu hakuachwa bila kulipa. Jack Vance, aliyepata sifa kwa vitabu vya hadithi za namna hiyo, alikuwa mmoja wa waliokiandikia.

Hatusemi kwamba kipindi hiki kilikuwa kizuri chote. Kipande cha farasi katikati ya safari ya nyota ni kiraka cha kaniki juu ya kanzu nyeupe. Heri fundi angekubali kuifupisha kanzu. Lakini twasema hivi: mbao zilizopakwa rangi hazikukiharibu. Kilichokiharibu ni mahali pale ambapo watengenezaji walikata tamaa ya kubuni, wakaazima cha watu wengine wasichokihitaji. Msomaji aliyepata kusimamia mchezo wa Noeli shuleni ataelewa. Nyota ya karatasi haikuwazuia watu kuamini. Bali mtoto akianza kusema maneno yasiyohusu habari yenyewe, hapo ndipo watu wageukapo na kuzungumza.

Kazi ya pili ni Cavalcade of Stars, kipindi cha nyimbo na vichekesho. Mwaka 1950 kiliongozwa na Jackie Gleason, mtu mnene mwenye sauti kubwa, ambaye hakuwa bado na jina kubwa. Mwezi wa Oktoba 1951 yeye na wenzake walicheza kwa mara ya kwanza kichekesho kifupi cha mume na mke, kilichokuja kujulikana baadaye kwa jina la The Honeymooners. Mume ni dereva wa basi wa Brooklyn, jina lake Ralph Kramden. Mkewe ni Alice, aliyechezwa na Pert Kelton. Chumba chao ni kimoja, kina meza, jiko na sanduku la barafu. Mume hana fedha lakini ana mipango mingi ya kuzipata. Hufoka, hutisha, hujisifu, na mwishowe hushindwa na ukweli ambao mkewe aliuona tangu mwanzo.

Twakihesabu kichekesho hiki kuwa miongoni mwa kazi bora zilizoanzishwa katika nyumba ile. Sababu yake ni kwamba hakikumcheka maskini kwa umaskini wake. Vichekesho vingi humleta maskini ili wenye shibe wamcheke nguo zake na usemi wake. Hiki kilimcheka mtu kwa majivuno yake, nayo majivuno hayachagui tajiri wala maskini. Kwa hiyo kila acheka huogopa kidogo kwamba anajicheka nafsi yake. Na chumba kile kitupu kilikisaidia, maana hapakuwa na kitu cha kutazama ila nyuso za watu wawili. Lakini aibu moja tumwekee Ralph: vitisho vyake kwa mkewe, ingawa havikupata kutimizwa, visingepaswa kuwa jambo la kuchekwa. Mwaka 1952 Gleason alihamia CBS kwa mshahara ambao DuMont hakuweza kuufikia, na sifa yote ikaenda pamoja naye. Shamba lililootesha mbegu halikula mavuno.

Kazi ya tatu yatuhusu sisi Wakristo zaidi. Mwezi wa Februari 1952 shirika lilimpa nusu saa kila Jumanne usiku Fulton J. Sheen, askofu msaidizi wa New York, ambaye alikuwa pia mkuu wa chama cha kueneza imani katika Marekani, kikusanyacho sadaka kwa ajili ya misioni za nchi nyingine. Kipindi kiliitwa Life Is Worth Living. Saa ile aliyopewa ilikuwa saa ya Milton Berle, mchekeshaji wa NBC aliyependwa kuliko wote, na watu wa biashara waliihesabu kuwa saa iliyokufa. Askofu akaja na nini? Akaja na joho lake, msalaba kifuani, ubao mweusi na kipande cha chaki. Hakusoma karatasi. Alisimama, akanena, akaandika maneno machache ubaoni, akasogea upande, na ubao ulipojaa mtumishi asiyeonekana akaufuta. Askofu akamwita malaika wake. Hakumshinda Berle kwa hesabu, lakini alipata watazamaji mamilioni mahali ambapo wengi hawakutazamia kuona hata mmoja. Na miongoni mwao walikuwako Wakristo wa madhehebu mengine, na Wayahudi, na wasio na dini. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya Emmy, na husimuliwa kwamba aliwashukuru waandishi wake wanne, ndio Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Ujira wake aliutoa kwa misioni.

Walimu wenzetu na wayatafakari haya. Vyombo alivyotumia askofu ni vyombo alivyo navyo kila mwalimu wa shule ya kijijini. Nguvu yake ilikuwa katika matengenezo: aliijua njia ya mazungumzo yake tangu neno la kwanza hata la mwisho, na kwa kuwa aliijua njia, aliweza kuwatazama wasikilizaji badala ya kuitazama karatasi. Tena alianza na mambo yanayomsumbua kila mtu, yaani hofu, huzuni, mapenzi, mauti, kabla ya kumpandisha polepole hata mahali alipotaka kumfikisha. Twaona kosa moja tu: nyakati nyingine mkono wake na macho yake yalifanya kazi kubwa mno, hata mtu akamkumbuka msemaji kuliko neno. Mwezi wa Februari 1953 alisoma mbele ya watazamaji habari ya mazishi ya Kaisari katika mchezo wa Shakespeare, akibadili majina na kumtaja Stalin na wenzake. Na Stalin akafa tarehe 5 Machi mwaka huo huo. Watu wakauita unabii. Sisi twaona si vema kuuita hivyo. Lililo kubwa pale si kulenga siku, bali kuwakumbusha wenye nguvu kwamba nao watahukumiwa. Na neno hilo lingalikuwa kweli hata kama Stalin angaliishi miaka ishirini zaidi.

Sasa twafika penye uchungu. Katika mwezi wa Julai 1950 shirika la DuMont lilifanya jambo ambalo washindani wake wakubwa walikuwa wazito kulifanya: lilimpa mwanamke mweusi kipindi chenye jina lake mwenyewe. Aliitwa Hazel Scott, mzaliwa wa Trinidad, aliyeletwa New York akiwa mtoto mdogo, mpiga kinanda hodari wa muziki wa jazz na wa mabwana wa kale wa Ulaya pia. Alikuwa mtu wa msimamo; alikataa kupiga kinanda mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Katika siku zile mtu mweusi katika sinema na televisheni za Marekani mara nyingi alionekana akiwa mtumishi wa jikoni au mtu wa kuchekwa. Huyu alikaa mbele ya kinanda kikubwa, amevaa kwa heshima, akiwa mwenyeji wa nyumba na si mtumishi wake. Tena katika mwaka 1951 shirika lile lile lilimpa Anna May Wong, mwigizaji wa ukoo wa Kichina, mchezo wake mwenyewe, The Gallery of Madame Liu-Tsong. Kwa haya mawili DuMont astahili sifa.

Lakini siku zile zilikuwa siku za hofu ya ukomunisti. Mwezi wa Juni 1950 kilitoka kitabu kidogo kiitwacho Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliodaiwa kuwa na urafiki na wakomunisti, nalo jina la Hazel Scott lilikuwamo. Hakujificha. Tarehe 22 Septemba alikwenda kwa hiari yake mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza mambo hayo, akakana, akayalaumu majina kuandikwa bila ushahidi. Baada ya wiki moja kipindi chake kikakatizwa. Hakuwa amehukumiwa na hakimu yeyote. Baadaye alihamia Paris, akakaa huko miaka mingi.

Tusiseme kwamba DuMont peke yake alifanya hivyo, kwa maana nyumba zote za kutangaza ziliogopa. Lakini kosa la wengi haliwi haki kwa sababu ya wingi wao. Na twaliona kosa hili kuwa zito zaidi kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyekwisha kuonyesha kwamba laweza kufanywa. Aliyefungua mlango, kisha akaufunga kwa kuogopa kelele za jirani, huumiza kuliko yule ambaye mlango wake ulikuwa umefungwa siku zote. Umaskini haukumlazimisha, kinanda kilikuwapo, mpigaji alikuwapo, na watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni moyo.

Miaka minne ikapita. Katika mwaka 1954 Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa mkubwa wa wenye kuwashutumu watu kwa ukomunisti, aliingia katika ugomvi na jeshi la nchi yake, na kamati ya Seneti ikakaa kuisikiliza daawa hiyo tangu tarehe 22 Aprili hata tarehe 17 Juni, siku 36 za vikao. CBS haikuonyesha vikao hivyo mchana. NBC ilianza, ikaacha baada ya muda mfupi. Waliovionyesha tangu mwanzo hata mwisho ni ABC na DuMont. Watu wakamwona seneta kwa macho yao: jinsi alivyokatiza maneno ya wenziwe, jinsi alivyomtaja kijana asiyekuwapo ili kumwumiza wakili aliyekuwapo. Tarehe 9 Juni wakili wa jeshi, Joseph Welch, mzee mpole wa Boston, alimwuliza kama hana haya hata kidogo, na watu waliokuwamo chumbani wakapiga makofi. Mwezi wa Desemba mwaka huo Seneti ikamlaumu McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22.

Nyumba ile ile iliyomtoa Hazel Scott mwaka 1950 kwa kuogopa, mwaka 1954 iliwaonyesha watu sura ya mtu aliyekuwa bwana wa hofu ile. Je, tuseme ilitubu? Tusikimbilie kusema hivyo. NBC na CBS zilikuwa na michezo ya mchana yenye kulipiwa fedha nyingi, nazo hazikutaka kuipoteza. DuMont na ABC hazikuwa na mengi ya kupoteza mchana. Sehemu ya ushujaa huu, basi, ilizaliwa na umaskini. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi ilifanyika, na matunda yake yalikuwa mema. Na kuna fundisho kubwa la ufundi ndani yake. Hapakuwa na mtunzi, wala muziki, wala mapambo. Mtambo wa sanamu uliwekwa mbele ya watu wakisema, ukaachwa hapo bila kukatizwa. Na ukweli, ulipopewa muda wa kutosha, ulijidhihirisha wenyewe. Mwenye kusema uongo aweza kujificha kwa dakika tano. Siku thelathini na sita ni nyingi mno kwake.

Kazi hiyo njema haikumwokoa. Mwaka 1953 ABC iliungana na kampuni kubwa ya majumba ya sinema, ikapata fedha na nguvu mpya, na DuMont akabaki wa nne peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1954 akaamua kuuza kituo chake cha Pittsburgh kwa kampuni ya Westinghouse kwa dola milioni 9.75. Kituo hicho kilikuwa lulu yake, kwa kuwa katika mji ule mkubwa hapakuwa na kingine katika masafa ya kawaida, na kila shirika lililotaka kuonekana huko lilimhitaji. Aliyekiuza alipata chakula cha mwaka mmoja na kuuza jembe lake. Katika mwaka 1955 michezo karibu yote ikaondoka; askofu Sheen naye akahamia ABC; na katika kampuni yenyewe Allen DuMont akapoteza amri. Tarehe 6 Agosti 1956 shirika likaonyesha mashindano ya ngumi ya mwisho, kisha kimya. DuMont mwenyewe alifariki mwaka 1965.

Hata hivyo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1955 mafundi wake walikuwa wamekwisha kutengeneza mtambo uitwao Electronicam, uliounganisha mtambo wa sinema na wa televisheni kwa lenzi moja. Na kwa mtambo huo Gleason, akiwa sasa mtu wa CBS, alipiga filamu 39 za The Honeymooners, zinazotazamwa hata leo. Vituo vya New York na Washington vilipita katika mikono ya wenye mali wengine, na mwaka 1986 vikawa miongoni mwa mawe ya msingi wa shirika jipya la Fox.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Michezo ya DuMont ilichezwa papo hapo. Lakini ili ipelekwe katika miji isiyofikiwa na waya, mtambo wa sinema uliwekwa mbele ya kioo cha televisheni, ukaipiga filamu. Hivyo maelfu ya michezo yalihifadhiwa, ingawa sanamu zake zilikuwa na ukungu. Ziko wapi filamu hizo? Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams, aliyepata kufanya kazi DuMont, alitoa ushahidi mbele ya watu wa Maktaba ya Bunge la Marekani waliokuwa wakichunguza hali ya filamu za televisheni. Alisema kwamba mwanzoni mwa miaka ya sabini, kampuni mbili zilipojadiliana juu ya kununuana, hakuna aliyetaka kulipa gharama ya kuzitunza. Basi usiku zikapakiwa katika malori matatu makubwa, zikapelekwa katika tishari, zikatupwa katika ghuba ya New York. Zilizosalia leo ni mia chache tu kati ya maelfu mengi. Za Askofu Sheen zimebaki nyingi kidogo. Za Hazel Scott haikubaki hata moja, wala za Anna May Wong.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Aliyenyamazishwa kwa hofu mwaka 1950 alinyamazishwa tena kwa uvivu miaka ishirini baadaye. Mara ya kwanza walikuwako watu waliomchukia. Mara ya pili hakuna aliyemchukia, ila palikosekana mtu wa kulipa kodi ya ghala. Na hili la pili ndilo lililomaliza kazi. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosoma sifa zake twalazimika kumsadiki kwa maneno ya wengine, wala hatuwezi kumpima wenyewe. Na mpimaji asiyeweza kuona kitu apimacho ni kama mwonja mchuzi aliyesimuliwa tu harufu yake.

Hukumu yetu basi ni hii. Shirika la DuMont halikuanguka kwa ubaya wa kazi zake. Lilianguka kwa uchache wa vituo, kwa mshirika aliyelibana, na kwa kanuni zilizowafaa waliokwisha kushiba. Kazi zake bora zilikuwa zile zilizotegemea mtu na neno lake: askofu na chaki, mume na mke katika chumba kitupu, wakili mzee na swali moja. Lililo baya kuliko yote halikutoka katika umaskini wake, bali katika kuogopa kwake. Na hasara isiyorudi haikuletwa na washindani, bali na warithi waliodhani kwamba kilichokwisha kuonyeshwa hakina kazi tena.

Bwana wetu, makutano walipokwisha kushiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, ingawa yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuwa na haja ya makombo. Basi na sisi tuna vipande vyetu: daftari za kwaya zenye nyimbo zilizotungwa na watu waliokwisha kufariki, michezo ya Noeli na Pasaka iliyoandikwa kwa mkono, vitabu vya ubatizo vya parokia, sauti za wazee zilizonaswa katika kanda au katika simu, na nakala za zamani za magazeti kama hili. Vingi hulala juu ya kabati vikingoja mchwa. Kila shule na kila kanisa na limchague mtu mmoja, apewe sanduku lenye kufuli na daftari la kuandika kilichomo, tena aulizwe hesabu yake kila mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko lori moja.